Nta na Polishi katika Rangi ya Gari

Mvua inapokoma, ingia katika shamba la magimbi kwenye miteremko ya Mlima Meru, uyatazame majani. Maji hayakutapakaa juu ya jani. Yamejikusanya katika matone ya mviringo, na ukilitikisa jani matone hayo huanguka yote, jani likabaki kavu. Jani la gimbi limefunikwa na nta nyembamba sana, na nta na maji havishikamani. Gari nalo huweza kukingwa kwa njia hiyo.

Bodi za magari mengi hutengenezwa kwa bati la chuma. Chuma kikipata maji pamoja na hewa ya oksijeni, hushika kutu. Kinachokizuia chuma kisipatwe ni rangi. Lakini rangi ya gari ni nyembamba kuliko watu wengi wanavyodhani: matabaka yake yote kwa pamoja ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo. Shika karatasi moja ya kitabu hiki kati ya vidole vyako. Unene wake wakaribia huo.

Katika Arusha rangi hiyo ina kazi kubwa. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na mahali pa juu namna hiyo miale ya jua ni mikali kuliko pwani, ingawa baridi ya Juni na Julai huwadanganya watu. Miale hufifisha rangi. Halafu kuna vumbi. Udongo wa sehemu hizi ni wa volkeno, nao una chembe ngumu. Mtu apangusaye vumbi kavu juu ya gari kwa kitambaa huikwaruza rangi kama aliyeshika msasa.

Rangi ikififia, watu hukimbilia polishi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuwa polishi na nta huuzwa katika makopo yanayofanana. Polishi ya gari ina unga laini wa kusugulia. Huondoa tabaka jembamba la rangi iliyochakaa pamoja na mikwaruzo midogo, na rangi iliyo chini yake hung'aa. Nta haiondoi kitu, bali huongeza tabaka juu ya rangi. Basi anayepiga polishi kila mwezi anaimaliza rangi ya gari lake kidogo kidogo, hasa kwenye kingo, mpaka chuma kitokeze. Gari lenye rangi nzuri lahitaji nta tu. Lililofifia hupigwa polishi mara moja, kisha hupakwa nta. Yapo pia makopo yenye vyote viwili, kwa hiyo maandishi ya kopo yasomwe kabla ya kununua.

Nta ya nyuki twaijua. Tabora ni maarufu kwa nta hiyo. Nta ngumu zaidi hutoka Brazil, katika majani ya mti wa jamii ya minazi uitwao mkarnauba. Nyingine hutengenezwa viwandani.

Kabla ya kupaka nta, gari huoshwa kwa maji mengi, hukaushwa, na kuwekwa kivulini hadi bati lipoe. Juu ya bati la moto nta hukauka upesi ikang'ang'ania. Hupakwa kidogo kidogo kwa kitambaa laini. Nta nene haikingi zaidi, ni hasara tu. Ikishakuwa kama ukungu, hufutwa kwa kitambaa kikavu.

Jaribio
Tafuta mfuniko wa kopo uliopakwa rangi. Uoshe na kuukausha. Sugua nusu yake kwa mshumaa, ambao nao ni nta, kisha ufute upande huo mpaka ung'ae. Dondosha maji pande zote mbili. Chora katika daftari umbo la matone ya kila upande. Baadaye, kwa ruhusa ya mwenyewe, mwagia maji kidogo juu ya gari lililo safi, uamue kama nta yake ingalipo.