Mionzi Ipitayo na Vumbi Libakilo

Mgonjwa wa saratani atokaye Kariakoo kwenda kutibiwa kwa mionzi katika hospitali ya Ocean Road, huenda jirani zake wakaogopa kula naye sinia moja. Hofu hiyo haina msingi. Mashine za kobalti-60 zilizotumika huko hutoa mionzi ya gama, ipenyayo mwili wote, na kuikinga kwahitaji risasi nene au ukuta mpana wa saruji. Lakini hupita kama nuru ya taa. Mashine ikifungwa, haibaki mwilini.

Beta haipenyi hivyo: alumini ya unene wa milimita chache, mfano wa sufuria nzito za sokoni, yatosha kuizuia. Alfa husimamishwa hata na karatasi ya kufungia karanga. Je, basi alfa haidhuru? La! Vumbi litoalo alfa likimezwa au kuvutwa kwa pumzi hudhuru kuliko yote, maana nguvu zake zote huishia palepale.

Wanunuzi wa vyuma chakavu nao na walijue jambo hili. Mwaka 1987, mjini Goiânia katika nchi ya Brazili, watu walivunja mashine ya tiba iliyoachwa, wakashika unga wa sesiamu-137, utoao beta na gama. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto aliyekula kwa mikono yenye unga huo.