Kuzeekea Marekani: jimbo gani linawafaa wazee wetu?

Walitoka Fizi, Uvira, Masisi na Rutshuru, wakapita kambi za Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale kule Uganda au Gihembe kule Rwanda. Mwaka 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya 16,000, na Kongo ikashika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya mwaka huo. Wengi wao walifika wakiwa na watoto wadogo. Lakini wengine walifika wakiwa na miaka 50 na zaidi, na leo umri wa retreti umebisha mlango.

Kwa muda mrefu mpango wa wazee hao ulikuwa mmoja: kufanya kazi miaka kadhaa, kutuma pesa ya kujenga kwenye parseli ya Bukavu au Goma, kisha kurudi kupumzika nyumbani. Mpango huo umeingia matatani. Goma iliangukia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Benki zilifungwa, uwanja wa ndege wa Goma pia. Mzee aliyekuwa akihesabu miezi ya kurudi sasa anajiuliza swali ambalo hakulitarajia: kama ni kuzeekea hapa, basi nizeekee katika jimbo gani?

Kwanza, hesabu ya miaka ya kazi

Kabla ya kuchagua jimbo, kuna jambo ambalo ni sawa kwa majimbo yote 50. Ili kupata pensheni ya serikali, inayoitwa Social Security, mfanyakazi anapaswa kukusanya alama 40. Kwa mwaka mmoja mtu hapati zaidi ya alama 4. Maana yake ni miaka 10 ya kazi iliyokatwa kodi. Kazi ya kulipwa mkononi bila karatasi haihesabiwi.

Tuchukue mfano wa baba aliyefika mwaka 2016 akiwa na miaka 55, akaanza kazi kwenye kiwanda cha nyama Januari 2017. Akiacha kazi mwaka 2023, atakapofikisha miaka 62, atakuwa na alama 28 tu, na pensheni yake ni sifuri. Akivumilia hadi mwisho wa 2026, amefika 40.

Umri nao una bei yake. Kwa waliozaliwa mwaka 1960 au baadaye, pensheni kamili inapatikana ukifika miaka 67. Anayeichukua akiwa na 62 anapunguziwa asilimia 30 maisha yake yote: iliyokuwa dola 1,000 inakuwa 700. Anayengoja hadi 70 anapata 1,240. Kwa mtu aliyebeba mizigo usiku kwa miaka kumi, kungoja si jambo dogo. Lakini ni vizuri aamue akiwa anajua.

Asiyefikisha alama 40 anaweza kuomba SSI, msaada wa wazee wasio na kitu kuanzia miaka 65. Mwaka 2025 ulikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Kwa mkimbizi ambaye hajawa raia na hana miaka ya kazi ya kutosha, msaada huo una mwisho: miaka 7. Ndiyo maana uraia ni sehemu ya retreti. Mwenye miaka 55 na zaidi, aliyekaa miaka 15 na kadi ya kijani, anaruhusiwa kufanya mtihani wa uraia kwa lugha yake mwenyewe. Mwenye ugonjwa unaomzuia kujifunza, daktari anaweza kumjazia fomu ya kumwondolea mtihani.

Orodha za magazeti si zetu

Kila mwaka magazeti ya Marekani hutoa orodha ya majimbo mazuri ya kustaafia. Florida haikosi kutajwa, na sababu ya kwanza huwa ni kodi. Kweli, majimbo 9 hayatozi kodi ya mapato kwenye mishahara, yakiwemo Texas, Florida, Tennessee na Washington.

Lakini orodha hizo zinaandikwa kwa ajili ya mtu mwenye nyumba, gari na akiba. Mzee wetu mwenye pensheni ya dola 900 kwa mwezi hana kodi kubwa ya mapato ya kukimbia, na majimbo mengi hayaigusi Social Security hata kidogo. Kentucky, Ohio, Iowa, Arizona na Maine, mahali ambapo Wakongomani wamejenga maisha, hayaitozi kodi.

Zaidi ya hayo, jimbo lisilochukua kodi kwenye mshahara huichukua mahali pengine. Texas ina kodi kubwa ya nyumba, ingawa mwenye nyumba aliyefikisha miaka 65 anapunguziwa na kodi yake ya shule haipandishwi tena. Tennessee inatoza kodi hata kwenye unga na mafuta ya kula. Mtu anayemaliza pesa yake yote sokoni ndiye anayeisikia zaidi kodi hiyo.

Kwa mzee huyo, kodi inayouma ni ile ya kupanga nyumba. Kwa dola 967, hakuna anayeweza kupanga peke yake kule Boston au California, hata kama California inaongeza pesa zake juu ya SSI na Arizona haiongezi kitu. Miji ya Kentucky, Ohio na Iowa ni nafuu zaidi.

Hospitali na hali ya hewa

Bima ya wazee, Medicare, inaanza ukifika miaka 65 na ni moja kwa nchi nzima. Tofauti iko kwa Medicaid, bima ya wasio na uwezo, ambayo kila jimbo linaiendesha kwa namna yake. Kentucky, Ohio, Iowa, Arizona na Maine yaliifungulia watu wazima wengi zaidi wenye kipato kidogo. Texas, Florida na Tennessee yalikataa. Mama wa miaka 61 aliyechoka na kuacha kazi Dallas anaweza kujikuta bila bima yoyote kwa miaka minne, huku mwenzake wa Louisville akiipata.

Kuna jambo jingine ambalo familia nyingi hazilijui: Medicare hailipi makao ya wazee kwa muda mrefu. Medicaid ndiyo inayolipa, na katika majimbo mengi inaweza pia kumlipa mtoto anayemtunza mzazi wake nyumbani. Kwetu, ambako kumpeleka mama kwenye nyumba ya wazee ni aibu ya ukoo mzima, ni lazima kuuliza utaratibu huo kabla ya kuhama, kwani masharti yanatofautiana.

Halafu kuna jua na theluji. Phoenix ina Wakongomani wengi, lakini mwaka 2023 joto lilifika nyuzi 43 au zaidi kwa siku 31 mfululizo. Buffalo, dhoruba ya theluji ya Desemba 2022 iliua makumi ya watu. Mzee mwenye presha, anayengoja basi kituoni, hawezi kuyachukulia hayo kama habari za redio.

Nani atakuja kukutembelea?

Mwisho wa hesabu zote linabaki swali ambalo hakuna orodha inayoliuliza. Jirani akigonga mlango, mtasalimiana kwa lugha gani? Kule Lexington, Kentucky, Kiswahili ni kati ya lugha zinazozungumzwa sana baada ya Kiingereza. Mzee anapata ibada ya Kiswahili, sombe na unga wa bugali dukani, na mtu wa kumsindikiza kwa daktari. Mzee asiyeendesha gari na asiyejua Kiingereza, akihamishiwa mji mzuri usio na Wakongomani, anabaki na televisheni na dirisha.

Mara nyingi ni watoto wanaohama kufuata kazi na kuwabeba wazazi. Ni haki yao. Lakini mzee aulizwe. Kumng'oa mtu wa miaka 70 kutoka kanisa lake na choir yake ni kumfanya mkimbizi mara ya pili.

Kwa wale ambao bado wana nia ya kurudi, sheria tatu zifahamike. Raia wa Marekani mwenye Social Security anaweza kuendelea kulipwa akiwa Kongo. SSI inakatwa ukikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, hata kama ulikwenda kwenye matanga. Na Medicare haitalipa hospitali ya Bukavu. Anayepokea SSI anapaswa pia kutangaza mali yake yote, pamoja na parseli ya nyumbani, kwa sababu mtu mmoja haruhusiwi kuwa na mali inayozidi dola 2,000, mbali na nyumba anayoishi na gari moja.

Familia zinazokutana mwishoni mwa juma zinaweza kuanza na mambo manne: kuhesabu alama za mzee, kukagua kama uraia umeombwa, kuuliza Medicaid ya jimbo wanalolifikiria, na kuzungumza waziwazi juu ya mahali atakapozikwa. Hilo la mwisho ni gumu, na wengi hulikwepa hadi siku ya msiba, ambapo michango hukusanywa kwa haraka na ndugu hugombana. Mzee akiwa bado ana nguvu, jibu lake mwenyewe lina uzito kuliko hesabu zote.