Nasaba ya Mgonjwa na Dawa za Akili

Aghalabu wagonjwa wawili wa skizofrenia, walio sawa kwa umri, kwa uzito na kwa dalili, hupewa haloperidoli ya kipimo kimoja, na kabla wiki haijaisha mmoja wao huziona zile sauti zilizokuwa zikimuudhi usiku na mchana zikififia, ilhali mwenziwe hupotoka shingo, macho yakamgeuka juu, taya likakaza na mate yakamchuruzika, hata jamaa zake wakasadiki kwamba jini limekasirishwa na sindano. Dawa huachwa, mgonjwa akarudishwa nyumbani, na katika faili lake pakaandikwa kuwa ni mkaidi. Neno hilo ni dhuluma, maadam sababu ya tofauti ile yaweza kuwa imo katika ini lake, naye aliirithi kwa wazazi wake pasipo hiari.

Dawa za jamii hii, tangu klorpromazini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, huizuia dopamini isitende kazi yake ubongoni: zikiizuia haba, maradhi husalia, zikiizuia kupita kiasi, viungo hukakamaa. Kadiri ya dawa iufikiayo ubongo hutegemea kasi ya ini katika kuivunja, na kimeng'enya kimoja kishirikicho kazi hiyo hutengenezwa kwa maagizo ya jeni iitwayo CYP2D6. Kisa cha kugunduliwa kwake chastahili kukumbukwa. Mnamo 1975 mtaalamu wa dawa Robert Smith, wa hospitali ya St Mary's mjini London, alimeza pamoja na wenzake wa maabara dawa ya shinikizo la damu iitwayo debrisokwini. Wenzake hawakudhurika, bali yeye shinikizo lake lilishuka mno hata asiweze kusimama, kwa kuwa mwili wake haukuwa na uwezo wa kuibadili dawa ile. Mwaka 1977 yeye na wenzake walitangaza kwamba upungufu huo hurithiwa.

Leo yajulikana kuwa jeni hiyo ina sura zaidi ya 100. Yuko aliyerithi nakala mbili zisizofanya kazi, na huyo dawa humrundikia damuni. Yuko mwenye nakala tatu au zaidi, naye dawa humtoka kabla haijamfaa. Nchini Ethiopia utafiti uliotolewa mwaka 1996 uliona kwamba takriban watu 29 katika kila 100 wana nakala za ziada, hali isiyopatikana Ulaya ya kaskazini ila kwa akali ya watu. Na katika Tanzania zimo sura mbili, zijulikanazo kwa namba 17 na 29, ambazo hupunguza kasi ya kimeng'enya bila ya kukizima kabisa. Ni za kawaida kwa watu wetu, na kwa Wazungu ni nadra mno. Basi tabibu wa Dodoma aandikaye kipimo kilichokadiriwa kwa miili ya watu wa Stockholm huwa anakisia, hata kama mkono wake hautetemeki. Kwa risperidoni, dawa nyingine ya jamii hii, shida hupungua, kwani kile kinachozaliwa na kuvunjwa kwake nacho kina nguvu ya dawa.

Lakini jambo linalonisikitisha kuliko yote ni la klozapini. Hii ndiyo dawa ya wale ambao dawa nyingine mbili au zaidi zimewashinda. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 1988, wagonjwa sugu 30 katika kila 100 walioitumia walipata nafuu, na kwa waliopewa klorpromazini waliopata nafuu walikuwa 4 tu katika kila 100. Hatari yake ni kwamba kwa wachache, wasiofika mmoja katika 100, hufuta chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili, na vifo vilivyotokea Finland mwaka 1975 viliiondoa sokoni katika nchi nyingi kwa miaka. Iliporudi ilirudi na sharti: damu ipimwe kila wiki hapo mwanzo, na chembe zikipungua chini ya kikomo, dawa isitolewe.

Sharti ni la hekima, walakini kikomo chenyewe kilipangwa kwa damu za watu wengine. Waafrika wengi, na Waarabu wengi wa Yemen na pande zake, wamerithi badiliko la herufi moja katika jeni ya ACKR1, ambalo huziondolea chembe nyekundu alama ya Duffy, na kwa hiyo vimelea vya malaria ya vivaksi huzikosea mlango. Mtu wa namna hii huwa na nyutrofili chache damuni siku zote, ingawa ni mzima wala haandamwi na maradhi kuliko jirani yake. Akienda kupimwa ili aanze klozapini, huambiwa damu yake haitoshi. Akiwa amekwisha kuianza na imemrudishia akili zake, husimamishiwa kwa kosa ambalo si la dawa. Mnamo 2015 Marekani ilikubali watu hawa waanze na chembe 1,000 kwa kila mikrolita, badala ya 1,500 zitakiwazo kwa wengine. Ni wangapi walionyimwa kabla ya hapo, nao walikuwa na haki ya kuipata?

Sisemi kwamba jeni ndizo kila kitu. Moshi wa sigara huharakisha kuvunjwa kwa klozapini, dawa nyingine huzuia CYP2D6, na vidonge visivyomezwa havimponyi yeyote. Wala hakuna kipimo cha jeni kiwezacho leo kutabiri kwa yakini ni dawa ipi itakayomfaa nani. Jeni za vipokezi vya dopamini zimechunguzwa sana, na mavuno yake bado ni haba. Ndiyo maana kazi ya utafiti uitwao NeuroGAP-Psychosis, iliyokusanya vinasaba vya watu wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, ina thamani kubwa, kwa sababu elimu ya jeni hadi sasa imejengwa zaidi juu ya watu wenye asili ya Ulaya.

Mahali pasipo na maabara ya jeni, tabibu aanze haloperidoli kwa kipimo kidogo akipandisha taratibu, na awaulize jamaa kama yuko ndugu aliyewahi kudhuriwa na dawa hizi. Na kabla hajaandika kuwa klozapini haimfai mgonjwa wake kwa uchache wa chembe nyeupe, namwomba azitafute hesabu za damu ya mgonjwa huyo za miaka iliyopita, azilinganishe na za leo.