Koko anasahau: ni uzee ao ni ugonjwa?

Hapa Kalima wamama wengi munapoenda shambani munaachia koko mutoto. Kwa hiyo inafaa kujua kama akili ya koko ingali na nguvu.

Kila muzee anasahau kidogo. Anaweka jembe nyuma ya nyumba, analitafuta, kisha anakumbuka. Ule ni uzee tu. Lakini kuna ugonjwa wa bongo unaoharibu ukumbusho pole pole, mwaka kwa mwaka. Waganga wanauita demansi. Mwaka 2021 watu karibu milioni 57 walikuwa nao katika dunia yote, na wengi wao katika inchi zisizo tajiri.

Alama za kwanza ni hizi:

1. Anauliza neno moja mara nyingi. Anasimulia vizuri habari za wakati wa SOMINKI, lakini hajui alichokula asubuhi.
2. Kazi ya zamani inamushinda. Anatwanga sombe, kisha anasahau kuipika.
3. Anapotea kwenye njia ya shamba lake mwenyewe.
4. Hawezi tena kuhesabu franga za soko.
5. Anaficha kitu, anasahau, kisha anasema: "Mukamwana ameniiba."
6. Tabia inageuka. Aliyekuwa mupole anakasirika bure.

Alama moja haitoshi. Lakini ukiona mbili ao tatu, na zinaongezeka kwa miezi, umulete ku ospitali. Magonjwa mengine yanafanana na huu, lakini yale yanatibika: kaswende iliyofika bongo, malale, ukosefu wa vitamini fulani. Tutapima tansio na sukari vilevile, kwa sababu zinaharibu mishipa ya bongo.

Angalisho! Kama akili imevurugika kwa siku moja ao mbili tu, usingoje. Pengine ni malaria ao ugonjwa mwingine mukali. Umulete siku ile ile.

Demansi yenyewe haina dawa ya kuiponyesha. Lakini si uchawi. Katika Kivu ya Kusini, mwaka 2021, wamama wazee waliuawa juu ya kusingiziwa uchawi. Koko anayetembea usiku na kusema peke yake ni mugonjwa. Majirani wakianza kunong'ona, wewe uwaeleze.

Namna ya kumutunza nyumbani:

- Usimucheke, usibishane naye. Umujibu kwa upole, hata kama ni mara ya kumi.
- Ale, aoge, alale saa zile zile kila siku.
- Makala ya moto, dawa na visu vikae mbali naye.
- Musaidiane. Mutu mumoja hawezi kumulinda usiku na muchana.

Na mutoto? Usimwache peke yake na koko. Koko anaweza kusahau kama mutoto yuko karibu na moto. Lakini usimunyime mujukuu wake. Wakae pamoja, mutu mukubwa mwingine akiwaangalia. Anaweza kusahau jina la mutoto, na bado akafurahi kumwimbia.