Tropheus wa Ziwa Tanganyika: samaki anayeuawa na chakula kizuri

Bemba, Kiriza, Moliro. Kwa wakaaji wa upande wa Congo wa Ziwa Tanganyika, haya ni majina ya sehemu za pwani: mbili za kwanza ziko kaskazini, mkoani Kivu Kusini, na ya tatu iko kusini kabisa, karibu na mpaka wa Zambia. Kwa wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani, haya ni majina ya samaki. Bemba ni mweusi mwenye mkanda wa rangi ya chungwa, Kiriza ni mweusi mwenye mkanda wa manjano, na Moliro ni mwekundu karibu mwili mzima.

Wote watatu ni wa jenasi moja iitwayo Tropheus, samaki wa urefu wa sentimita 12 hadi 14 wasiopatikana popote duniani isipokuwa katika ziwa hili. Mvuvi anayetafuta ndagala au mikebuka hana shughuli nao. Lakini mtu aliye mbali huwalipia fedha nyingi, huwaweka katika tangi la kioo sebuleni, kisha mara nyingi huwaona wakifa mmoja baada ya mwingine ndani ya majuma machache. Kosa lililozoeleka ni moja: amewalisha vizuri mno.

Utumbo mrefu, chakula chepesi

Ziwani, Tropheus huishi kwenye miamba ya maji ya kina kidogo, pale ambapo jua hufika hadi kwenye mawe. Mawe hayo yamefunikwa na mwani mwembamba kama nyuzi. Mdomo wa samaki huyu umekaa upande wa chini wa uso, na meno yake madogo hunyofoa nyuzi hizo bila yeye kulazimika kusimama wima juu ya jiwe. Hula kutwa nzima, kidogo kidogo, kama mbuzi aliye malishoni.

Chakula cha namna hiyo kina lishe ndogo na husagika polepole. Ndiyo maana utumbo wake umekuwa mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake. Mfugaji anayempa moyo wa ng'ombe uliosagwa, minyoo wekundu au chakula chenye mafuta ya wanyama anadhani anamtendea wema. Kumbe chakula hicho kizito hukaa muda mrefu katika utumbo ambao haukuumbwa kwa ajili yake, na hapo matatizo huanza.

Wafugaji wanaogopa kuliko yote ugonjwa wa kuvimba tumbo. Dalili ya kwanza ni ndogo na ni rahisi kuikosa: samaki aliyekuwa akikimbilia chakula hubaki nyuma, au hukipokea mdomoni na kukitema. Kinyesi huwa cheupe na chembamba kama uzi. Baadaye samaki hujitenga pembeni, hupumua haraka, na tumbo huvimba. Anapofika hapo, nafasi ya kumwokoa ni ndogo sana.

Ugonjwa huo huhusishwa na vijidudu vya protozoa vinavyoweza kuishi katika utumbo bila kuleta madhara makubwa, hadi samaki anapodhoofishwa na chakula kibaya, maji machafu au kuonewa na wenzake. Wafugaji wengi hutumia metronidazole, dawa ileile inayojulikana katika zahanati za Congo kwa kutibu amiba. Hata hivyo, dawa husaidia tu ikitolewa mapema, na haina faida ikiwa chanzo cha udhaifu kimeachwa palepale.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Chakula cha kila siku kiwe cha mimea, hasa kile kilichotengenezwa kwa spirulina, kitolewe mara mbili au tatu kwa siku, na kiwe kile ambacho samaki wanaweza kukimaliza kwa dakika chache. Mwani unaoota kwenye mawe ndani ya tangi usisuguliwe wote, kwa kuwa ndio malisho yao. Samaki waliotoka safarini, ambao kwa kawaida hunyimwa chakula kabla ya kufungwa katika mifuko ya plastiki yenye oksijeni, waanze na kiasi kidogo sana.

Maji kama ya ziwani

Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na yana chumvichumvi za madini. Kipimo chake cha pH hukaribia 9, wakati maji ya kawaida yasiyo na asidi yana pH 7. Kwa sababu hiyo, maji ya mvua au ya mto wa msituni hayamfai Tropheus yakitumika yalivyo. Wafugaji huweka mawe ya chokaa au mchanga wa matumbawe, na wengine huongeza chumvi za kabonati, hadi pH ifike kati ya 8.5 na 9. Joto linalomfaa ni nyuzi 24 hadi 27.

Muhimu zaidi ni kwamba hali hiyo isibadilike ghafla. Ziwa lenye urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470 halibadiliki kwa usiku mmoja, na viumbe wake hawakuzoea misukosuko. Tangi jipya linahitaji majuma manne hadi sita kabla ya kupokea samaki, ili bakteria wanaogeuza amonia na nitriti waongezeke katika chujio. Baada ya hapo, theluthi moja ya maji ibadilishwe kila juma, na maji mapya yawe na joto na pH sawa na yale ya zamani.

Oksijeni ni jambo jingine. Samaki huyu amezoea maji yanayopigwa na mawimbi kando ya miamba. Umeme ukikatika, jambo la kawaida katika miji mingi ya Congo, pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ndiyo inayoweza kuamua kama samaki wataamka salama asubuhi.

Wagomvi wasiopenda upweke

Tropheus ni mgomvi. Dume na jike, kila mmoja hulinda kipande chake cha mwamba. Mtu anaweza kudhani kwamba kuwaweka wachache kutapunguza ugomvi, lakini hutokea kinyume chake. Wakiwa wanne au watano, mwenye nguvu humchagua mnyonge mmoja na kumfukuza hadi afe. Wakiwa 15 au 20 katika tangi la lita 400 au zaidi, hasira hugawanyika na hakuna anayebeba mateso yote.

Kundi hilo linafaa kuingizwa siku moja, tena wakiwa wadogo. Mgeni anayeletwa peke yake baadaye hushambuliwa na wote. Samaki anayekimbizwa kila saa huacha kula, na ugonjwa wa tumbo humfuata.

Kila ufukwe na rangi yake

Wanasayansi walimjua Tropheus mwaka 1898, pale George Albert Boulenger alipoeleza Tropheus moorii, aliyepewa jina la Mwingereza J. E. S. Moore aliyekusanya samaki kusini mwa ziwa. Mwaka 1959, Georges Marlier, mtafiti Mbelgiji aliyefanya kazi Uvira, alieleza Tropheus duboisi, ambaye watoto wake ni weusi wenye madoa meupe kama nyota. Mwaka 1975 likafuata jina Tropheus brichardi, kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyesafirisha samaki wa ziwa hili kutoka Burundi.

Kadiri watafiti na wafanyabiashara walivyopita ufukwe hadi ufukwe, ndivyo rangi zilivyoongezeka. Leo zinajulikana aina za rangi zaidi ya 100. Sababu ni kwamba Tropheus haondoki penye mwamba. Ghuba ya mchanga au mdomo wa mto, ambao mvuvi huuvuka kwa mtumbwi kwa muda mfupi, kwake ni kama ukuta. Kila kundi limebaki peke yake kwa vizazi vingi hadi likapata sura yake.

Hapo ndipo utunzaji wa tangi moja sebuleni unapogusa pwani ya Congo. Jike wa Tropheus hutaga mayai machache, mara nyingi chini ya 20, na huyaatamia mdomoni kwa takriban mwezi mmoja. Watoto wanapotoka ni wakubwa na wenye nguvu, lakini ni wachache. Ufukwe uliokombwa samaki wake hauwezi kujazwa na majirani, kwa kuwa majirani hawavuki mchanga. Tena wana adui mwingine: udongo unaoporomoka kutoka kwenye milima iliyokatwa miti huingia ziwani na kufunika mwani wanaoutegemea.

Kila samaki anayekufa kwa kulishwa vibaya huacha nafasi ambayo mnunuzi atataka kuijaza, na mara nyingine mbadala wake hutolewa kwenye mwamba uleule. Kinyume chake, kundi lililotunzwa vizuri huzaa tangini. Wafugaji wengi wa Ulaya tayari huuziana watoto waliozaliwa majumbani mwao, na huepuka kuchanganya aina mbili katika tangi moja, maana huzaana na rangi ya asili hupotea.

Sheria hiyo inafaa pia ziwani. Samaki wa Moliro akiachiliwa Bemba kwa sababu hakupata mnunuzi, anaweza kuharibu katika miaka michache kazi ambayo maji na mawe yameifanya kwa maelfu ya miaka. Samaki waliobaki mikononi mwa mfanyabiashara warudishwe walikotolewa, au wasirudishwe ziwani kabisa.

Kwa kijana wa Uvira, Kalemie au Moba anayetaka kuanza kufuga samaki hawa nyumbani, hatua ya kwanza haina gharama. Ni kwenda ufukweni maji yakiwa yametulia, kutazama mawe, na kuona samaki hawa wanakula nini tangu asubuhi hadi jioni.