Fundo Ndani ya Kidonge cha Manjano

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Leo tunaingia tumboni.

Huko Sweden alikuwapo daktari, Nanna Svartz. Mwaka 1937 akawa profesa, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika chuo kikuu cha umma nchini mwake. Alitibu watu wenye baridi yabisi: viungo vimevimba, vidole havifungi hata kifungo cha shati. Nanna akashuku kuwa chanzo ni vijidudu. Akawaza: salfa huua vijidudu, na dawa za ukoo wa aspirini hutuliza uvimbe. Je, nikiwaoza? Kwa msaada wa kiwanda cha Pharmacia, dawa hizo mbili zikafungwa fundo moja. Ndiyo sulfasalazini, ya manjano iliyokoza kama bizari.

Sasa fuateni safari yake. Ukiimeza, inapita tumboni, inapita utumbo mwembamba, kona baada ya kona, na sehemu kubwa bado haijafunguka. Inatua kwenye utumbo mpana. Huko wanaishi bakteria wasiohesabika, wapangaji wetu wasiolipa kodi. Wao ndio wanaojua kulifungua lile fundo! Wakishalikata, salfa inaingia kwenye damu, mwenzake anabaki palepale kutuliza kuta za utumbo. Ndiyo maana wagonjwa waliokuwa wakiharisha damu kwa vidonda vya utumbo mpana walianza kupata nafuu.

Lakini nani hasa alifanya kazi hiyo? Jibu lilisubiri hadi 1977, huko Oxford, Uingereza. Azad Khan na wenzake waliwapa wagonjwa kila dawa peke yake, tena (msicheke!) kwa njia ya haja kubwa, ifike moja kwa moja. Mshindi akawa yule wa ukoo wa aspirini. Kwenye viungo mambo hugeuka; huko salfa ndiyo inayodhaniwa kubeba mzigo zaidi, wala si kwa kuua vijidudu. Inatuliza askari wa mwili wanaopiga nyumba yao wenyewe. Nanna alikosea sababu, akapatia dawa.

Viungo havina haraka: nafuu huweza kuchukua miezi miwili au mitatu, na daktari hupima damu mara kwa mara.

Jirani yangu alipoianza dawa hii, siku ya pili alitoka chooni mbio, akiapa kwamba anakojoa juisi ya karoti. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba dawa hii huweza kugeuza rangi ya mkojo, ila yeye alikuwa akichezea simu.