Amri Inayowahusu Wazazi Pia

Jumamosi asubuhi, katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, vijana wa kipaimara hukaa kwenye mabenchi na Katekismo Ndogo mikononi, midomo ikitembea bila sauti. Mwalimu anauliza amri ya nne inasemaje. Mmoja anasimama, anaitaja kwa pumzi moja, kisha anajibu swali linaloifuata kila amri: maana yake ni nini? Siku ikifika ataulizwa hayo hayo mbele ya usharika mzima, akiwa amevaa nguo nyeupe, huku mama yake akimwombea kimoyomoyo asikwame.

Amri hiyo ni ya kuwaheshimu baba na mama. Kwa Walutheri na Wakatoliki ni ya nne. Kwa Waanglikana, Wasabato na Wapentekoste ni ya tano, kwa kuwa wao huihesabu marufuku ya sanamu kuwa amri inayojitegemea. Namba zinatofautiana, ila fundisho ni lile lile, na huenda hakuna fundisho la Kikristo ambalo wazazi wanalipenda kuliko hilo. Kijana akianza kukwepa ibada ya Jumapili, ndilo linalotajwa kwanza nyumbani: Biblia imesema utii, basi vaa viatu twende.

Shida ni kwamba mara nyingi fundisho hilo huhubiriwa nusu. Katika Biblia, na katika historia ya Kanisa lenyewe, utii wa mtoto una mpaka wake, na jirani yake wa karibu ni agizo zito linalomkabili mzazi.

Turudi mwanzo. Amri Kumi, kama zinavyosimuliwa katika Kutoka sura ya 20, zilitolewa kwa taifa zima la watu wazima, wenye mifugo, wake na watumishi. Watu hao ndio walioambiwa wawaheshimu wazazi wao, na heshima iliyohitajika zaidi ilikuwa ya kuwatunza wazee ambao nguvu zimewaisha. Hata ile sheria kali ya Kumbukumbu la Torati sura ya 21, kuhusu mwana mkaidi, inamzungumzia mlafi na mlevi, yaani mtu mwenye umri wa kulewa. Tena inawataka baba na mama wote wawili wampeleke kwa wazee wa mji langoni. Baba hakuruhusiwa kuamua peke yake kwa hasira zake.

Yesu aliishika amri hiyo na kuielekeza mahali ambapo viongozi wa dini hawakupapenda. Katika Marko sura ya 7 anawakemea Mafarisayo na waandishi kwa desturi iliyoitwa korbani. Mtu mzima mwenye mali aliweza kutangaza kwamba fedha ambayo ingewasaidia wazazi wake amekwisha kuiweka wakfu kwa Mungu. Baada ya hapo, baba akija na njaa yake anajibiwa kuwa hakuna kitu, kimekwenda kwa Mungu. Yesu aliona kwamba kwa ujanja huo watu wanaitangua amri ya Mungu huku wakionekana wacha Mungu kuliko wenzao.

Kisa hicho kingepaswa kusomwa mara nyingi zaidi katika makanisa ya leo. Uaminifu kwa kanisa umekuja kupimwa kwa ahadi ya ujenzi, zaka, harambee ya vyombo vya muziki na bahasha yenye jina. Hayo yote yana mahali pake, na majengo mengi ya ibada tunayojivunia yamesimama kwa jasho la waumini maskini. Lakini mtu anayesimama madhabahuni kutoa ahadi kubwa, na kijijini mama yake anakopa fedha ya dawa ya presha, ndiye hasa aliyezungumziwa. Barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, inamweka asiyewatunza watu wa nyumbani mwake chini hata ya asiyeamini. Kwa kipimo hicho, kumhudumia mzazi ni sehemu ya uaminifu wa Kanisa, na mchungaji mwenye busara atamwambia muumini wake hivyo hata kama kapu la siku hiyo litapungua.

Kisha yupo Paulo, ambaye maneno yake katika Waefeso sura ya 6 na Wakolosai sura ya 3 ndiyo yanayonukuliwa zaidi kwa watoto. Ili kuona uzito wake, ni lazima kujua baba wa dola ya Kirumi alikuwa nani. Sheria ilimpa mamlaka juu ya uhai wa wanawe, hata wakiwa watu wazima. Mtoto mchanga aliweza kutupwa nje iwapo baba hakumtaka. Ipo barua ya mafunjo iliyofukuliwa Oxyrhynchus, Misri, iliyoandikwa mwaka 1 kabla ya Kristo. Kibarua mmoja aitwaye Hilarion, aliyekuwa Alexandria, anamwandikia mkewe Alis aliyekuwa mjamzito. Anamjulisha kuwa ujira akiupata atautuma, anamsihi amtunze mtoto mdogo waliye naye, na katikati ya salamu hizo za upendo anamwagiza: akizaliwa wa kiume amwache, akiwa wa kike amtupe. Hilarion hakuwa katili kwa macho ya majirani zake. Aliandika kama baba yeyote wa zama zake.

Katika ulimwengu huo, kuwaambia watoto watii hakukuwa jambo jipya. Jipya lilikuwa mstari wa nne wa Waefeso sura ya 6, ambamo mtume anawageukia akina baba na kuwakataza wasiwachokoze watoto wao, na katika Wakolosai anataja sababu: watoto wasije wakakata tamaa. Tena hata kabla ya hapo mtoto anasemeshwa moja kwa moja, kama muumini anayesikiliza barua ikisomwa kati ya wengine, na utii wake unafungwa kwa Bwana. Maana yake kuna mwenye amri juu ya mzazi.

Mpaka huo ulipimwa kwa damu, na si mbali na hapa.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadre Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879. Waliowasikiliza kwa haraka walikuwa vijana wa ikulu, waliopelekwa huko na koo zao walelewe na kujifunza utumishi chini ya Kabaka, yaani mfalme. Kwa desturi ya Buganda, Kabaka alikuwa juu ya baba wote. Mwanga alipokuwa Kabaka mwaka 1884, naye akiwa kijana bado, alikuta ikuluni watumishi hodari na watiifu kwa kila kazi, isipokuwa mambo mawili: hawakukubali kuacha kusali, na hawakukubali matakwa yake ya kimwili. Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi aliyeaminiwa sana ikuluni, aliuawa Novemba 1885. Mei 1886 ghadhabu ya Kabaka ikawaangukia wengine huko Munyonyo. Usiku mmoja, wakisubiri hukumu, Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake ambao walikuwa bado wakatekumeni, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka 14.

Kati ya waliobatizwa usiku huo alikuwepo pia Mbaga Tuzinde, mwenye miaka ipatayo 17. Mbaga alikuwa amelelewa na Mukajanga, na Mukajanga alikuwa mkuu wa wauaji wa Kabaka. Mlezi wake ndiye aliyepewa kazi ya kumchoma moto.

Safari ya kwenda Namugongo ilikuwa ya miguu, wakiwa wamefungwa, na walipofika walikaa siku kadhaa huku kuni zikikusanywa. Mukajanga alizitumia siku hizo kumbembeleza kijana wake. Ndugu nao walikuja wakamsihi. Alichotakiwa kufanya ni kutamka tu kwamba hatasali tena. Mbaga alikataa, bila tusi na bila dharau kwa mtu aliyemlea. Asubuhi ya tarehe 3 Juni 1886, wengine walipokuwa wakiviringishwa katika matete, Mukajanga aliagiza Mbaga apigwe rungu shingoni afe kwanza, asiusikie moto. Ndicho kitu pekee ambacho baba yule aliona anaweza kumpa.

Waanglikana na Wakatoliki waliuawa pamoja siku hiyo. Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla, vijana watatu wa Kianglikana walikuwa wameuawa Busega, karibu na Natete, na inasimuliwa kwamba waliingia motoni wakiimba wimbo wa sifa kwa Kiswahili, lugha iliyofika ikulu ya Buganda kupitia wafanyabiashara wa pwani na walimu wa dini. Kwa jumla Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wanakumbukwa kuwa mashahidi wa Uganda. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na hadi leo kila tarehe 3 Juni mahujaji hufika Namugongo, wengine kwa miguu, kutoka Kenya, Tanzania na Rwanda.

Jambo hili halina budi kusemwa wazi: Kanisa la Afrika Mashariki, ambalo leo linawafundisha watoto utii, lilijengwa kwa sehemu kubwa na vijana waliowaambia wakubwa wao hapana. Mapadre wanaohubiri Namugongo hawaoni mgongano hapo, na hakika haupo. Mbaga hakukataa kutumwa maji au kuchunga. Alikataa amri moja ambayo hakuna mzazi mwenye haki ya kuitoa.

Hata aliyeandika ile Katekismo Ndogo ya vijana wa kipaimara aliyajua haya nyumbani kwake. Hans Luther, mtu wa migodi ya shaba huko Mansfeld, alitaka mwanawe Martin awe mwanasheria. Mwaka 1505 kijana aliacha masomo ya sheria akaingia utawani bila ridhaa ya baba. Alipoadhimisha misa yake ya kwanza mwaka 1507, Hans alihudhuria, na mezani mbele ya watawa akamuuliza kama hajawahi kusikia amri ya kuwaheshimu wazazi. Neno hilo lilimkaa Martin moyoni. Mwaka 1521 alimwandikia baba yake barua ya wazi, akakiri kwamba alikosa, lakini akaongeza kuwa Mungu ndiye anayemdai zaidi. Miaka minane baadaye, baada ya kuzunguka sharika za Saxony na kuwakuta watu hawajui hata Sala ya Bwana, aliandika katekismo na kumwagiza baba mwenye nyumba aifundishe yeye mwenyewe kwa watu wake. Leo kazi hiyo imehamia kwa mwinjilisti, na wazazi wengi huonekana siku ya kipaimara kwa ajili ya picha.

Na wale ambao watoto wao wameacha kanisa? Monika wa Thagaste, katika Algeria ya leo, alimlilia mwanawe Augustino kwa miaka mingi. Mwaka 383 kijana alimdanganya, akapanda meli usiku kwenda Roma, akamwacha mama pwani ya Karthago. Monika alimfuata, na safari hii alizidi kusali na kupunguza maneno. Augustino alibatizwa Milano usiku wa Pasaka wa mwaka 387. Mama alifariki mwaka huohuo.

Upande wa giza nao haufai kufichwa. Aprili 2023, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na zaidi ya miili 400 ilitolewa, mingi ikiwa ya watoto. Kwa mujibu wa mashtaka, mhubiri mmoja aliwaelekeza waumini wake wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto wale walikuwa watiifu kwa wazazi, na wazazi walikuwa waaminifu kwa mhubiri. Pale ambapo mtoto hafundishwi mpaka wa utii, na muumini hafundishwi mpaka wa uaminifu, hakuna wa kusema hapana amri mbaya ikija.

Sheria za nchi zetu zimejaribu kushika pande zote mbili. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unamtaka mtoto awaheshimu wazazi na wazee na kuwasaidia wanapohitaji, wakati huohuo ukimlinda dhidi ya mateso na unyonyaji. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inafuata njia hiyo hiyo. Mhubiri hawezi kudai kwamba ulinzi wa mtoto ni mambo ya kigeni yaliyoletwa kuvunja maadili, maana mstari wa nne wa Waefeso sura ya 6 ulitangulia sheria hizo kwa zaidi ya miaka 1,900.

Kwa hiyo Jumapili ijayo, atakayesoma sura hiyo kwa watoto asiishie mstari wa tatu. Asome na wa nne, kwa sauti ileile, akina baba wakiwa wamekaa mbele. Na mzazi ambaye kijana wake ameacha kwenda ibadani akae naye chini amuulize sababu, amsikilize mpaka amalize, ndipo amtajie amri.